Soma Ufa Kabla ya Kuuziba: Mwongozo wa kutengeneza jelikoti ya boti kuukuu ya tanga ukiwa Buigiri

Buigiri haina bahari wala ziwa. Ni kijiji cha Wilaya ya Chamwino, mashariki mwa jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Morogoro. Lakini mtu aliyenunua boti ya tanga iliyotumika, iwe Msasani au Tanga, akaifunga kwenye trela kuipeleka Mwanza au bwawa la Mtera kwa njia ya Dodoma, hana budi kupita hapa. Ushauri wangu kwake ni mmoja: kama boti hiyo ni ya faiba na ganda lake limechoka, asiikimbize majini. Aishushe Buigiri kiangazi kizima, aitengeneze, ndipo aendelee na safari.

Sababu ni hewa. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba mbingu hukauka na mchana unyevu wa hewa hushuka sana. Pwani hewa ni nzito mwaka mzima, na faiba iliyokwisha kunywa maji hukauka kwa taabu hata ikikaa nchi kavu miezi mingi.

Hapa lazima uache mazoea ya vyombo vya mbao. Jahazi likipandishwa juu likaachwa juani, mbao hujikunja, kalafati hulegea na nyufa hufunguka. Ndiyo maana mafundi wa pwani hawapendi likauke kupita kiasi. Faiba ni kinyume chake. Haihitaji maji ili ibane, na kila tone lililopenya ndani yake ni adui. Kwa hiyo nyanda hizi kavu, ambazo zingeua mashua ya mbao, ndizo tiba ya boti ya faiba.

Jelikoti ni nini

Boti ya faiba hujengwa kuanzia nje kuelekea ndani. Fundi hupaka kwanza kwenye kalibu tabaka la resini ya poliesta yenye rangi, lisilo na nyuzi zozote. Hilo ndilo jelikoti. Kisha hulaza mati za faiba na resini, tabaka juu ya tabaka, hadi unene wa ganda utimie. Boti ikitolewa kwenye kalibu, jelikoti ndiyo inayoonekana: nyeupe, laini, inayong'aa.

Unene wake ni nusu milimita hivi, na ndani ya unene huo mdogo imebeba kazi mbili: kuzikinga nyuzi na jua, na kupunguza maji yanayopenya. Kwa kuwa haina nyuzi ni ngumu lakini haivutiki. Faiba iliyo chini yake ikipinda, jelikoti hupasuka. Miaka ikipita, jua huipausha hadi ukipitisha kidole unabaki na unga mweupe.

Nusu milimita ni kipimo ambacho Buigiri inakielewa kuliko vijiji vingi. Kijiji hiki kinajulikana nchini kwa shule yake ya msingi ya wasioona, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Nukta nundu wanazosoma wanafunzi wake zimeinuka juu ya karatasi karibu nusu milimita hiyohiyo. Mkono wa binadamu unaweza kusoma kimo hicho na pungufu yake. Basi katika kazi hii yote usitegemee macho peke yake. Weka kitambaa chepesi cha pamba kati ya kiganja na ganda, fumba macho, pitisha mkono polepole kutoka omo hadi tezi. Bonde na kilima visivyoonekana utavihisi.

Majira na mahali pa kuiweka

Mwezi Mei mvua zimekwisha, na huo ndio wakati mzuri wa kuanza kukausha. Kupaka kwenyewe kunafaa kuanzia Agosti. Juni na Julai usiku huwa wa baridi, na resini ya poliesta ikiwa chini ya nyuzi joto 15 hugoma kuganda sawasawa. Oktoba na Novemba joto hupanda. Kazi inawezekana, ila uianze alfajiri, kwa kuwa mchana resini itakugandia kwenye kopo.

Tafuta kivuli. Mbuyu usikudanganye kwa ukubwa wake: kiangazi hupukutisha majani yote ukabaki matawi matupu. Mkwaju au mwarobaini ni afadhali, na juu ya boti tandaza turubai, maana ndege na utomvu huharibu ganda lililopakwa sasa hivi. Jua likipiga moja kwa moja, upande mmoja wa boti huwa moto na mwingine baridi, na mchanganyiko uleule utaganda kwa namna mbili.

Adui mkubwa zaidi ni vumbi jekundu. Kiangazi upepo wa Dodoma huwa mkali kadiri siku inavyosonga. Funga turubai pande tatu, acha mmoja wazi upande usiopigwa na upepo, na nyunyiza maji kidogo ardhini kabla ya kupaka.

Boti isimamishwe juu ya mkuku wake, magogo yakiwa chini ya mkuku, na nguzo za pembeni ziwe za kuizuia isianguke tu. Nguzo inayobeba uzito kwenye ganda lenyewe italibonyeza na kuzaa nyufa mpya wakati unatibu za zamani.

Vifaa

Nunua vifaa maalumu Dar es Salaam kabla ya kuondoka:

- Jelikoti ya poliesta na hadina yake ya kuigandisha, ambayo chupa yake huandikwa MEKP. Angalia tarehe ya kutengenezwa. Jelikoti haidumu koponi, hasa ikikaa kwenye joto.
- Nta ya maji ya kuchanganya kwenye jelikoti, au karatasi laini ya nailoni ya kufunikia.
- Rangi nzito za kuchanganyia: nyeupe, nyeusi, njano, kahawia na bluu.
- Epoksi na unga wake wa kuongezea uzito, kwa sehemu za chini ya mstari wa maji.
- Asetoni, vitambaa vyeupe vya pamba, tepu ya karatasi.
- Misasa ya namba 80, 220, 400, 600, 800, 1000 na 1500, pamoja na kibao cha mpira cha kuizungushia.
- Dawa ya kung'arisha magari na nta ngumu.
- Mizani ndogo ya kidijitali na mabomba ya sindano ya mililita 2.
- Miwani ya kinga inayofunika pande zote, glavu za nitrili, barakoa ya vumbi, na barakoa yenye chujio la kaboni kwa ajili ya mvuke.

Hatua ya kwanza: osha

Usiguse msasa kabla ya kuosha. Boti kuukuu imepakwa nta miaka mingi, na msasa ukipita juu ya nta huisukumiza ndani ya mikwaruzo, kisha jelikoti mpya haitashika. Osha kwa sabuni na maji, suuza, acha ikauke, ndipo ufute kwa kitambaa chenye asetoni. Futa kwa kuelekea upande mmoja na ubadilishe kitambaa mara kwa mara. Ukizungushazungusha kitambaa kimoja unaihamisha nta tu.

Kuwa mwangalifu na maji. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, na chumvi iliyobaki chini ya rangi huvuta unyevu na kuzaa malengelenge. Weka matone machache juu ya kioo, yaache yakauke. Yakiacha alama nyeupe, maji hayo yatumie kwa kuosha tu, na suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua uliyoyahifadhi.

Hatua ya pili: soma nyufa

Hii ndiyo hatua ambayo mafundi wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kama kazi yako itadumu. Kila aina ya ufa inaeleza kilichotokea.

Nyufa zinazotawanyika kutoka nukta moja zinatokana na kugongwa. Kitu kilianguka, au boti iligonga gati. Kama faiba ya chini ni nzima, utatengeneza jelikoti tu.

Nyufa zinazozunguka mguu wa nguzo ya chuma ya sitaha, au zinazotoka kwenye vyuma vinavyoshika waya za mlingoti, zinasema sehemu hiyo inapinda kila chombo kinapovutwa. Bolti zimelegea, au kibao cha ndani kimeoza. Fungua, badilisha, imarisha kwa mati za faiba upande wa ndani. Ukiziba nje bila kufanya hivyo, ufa utarudi tanga litakapoanza kuvuta.

Nyufa ndefu zinazokwenda sambamba, hasa kwenye kona za sitaha au karibu na mkuku, zinaonyesha ganda linalopindapinda. Hapo pia tiba huanzia ndani.

Nyufa nyembamba zilizotapakaa sehemu kubwa kama wavu ni uzee, au jelikoti ilipakwa nene mno tangu mwanzo. Kuzifungua moja moja hakuna mwisho. Sehemu nzima inahitaji kusuguliwa na kupakwa upya.

Baada ya kuona, sikiliza. Gongagonga ganda kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, sentimita kwa sentimita. Sauti kavu na kali ni ya ganda zima. Sauti iliyofifia, kama ya kitu chenye uwazi ndani, inasema matabaka yameachana au maji yamekaa humo. Zungushia kwa penseli kila mahali penye sauti hiyo, na uchore picha ya boti kwenye daftari ukiweka alama zote.

Hatua ya tatu: fungua

Ufa mwembamba hauwezi kuzibwa kwa juu. Jelikoti ni nzito, haiingii ndani. Itakaa kama daraja na kupasuka tena. Lazima uupanue uwe mfereji wenye umbo la V. Chukua patasi nyembamba au tupa kuukuu, inoe kona moja iwe kali, ikokote juu ya ufa hadi ufike mwisho wa jelikoti. Utajua umefika pale rangi itakapobadilika na kuwa ya kijani hafifu au ya kahawia inayopitisha mwanga: hiyo ni faiba. Endelea kidogo kupita pale ufa unapoonekana kuishia, kwa kuwa mara nyingi unaendelea bila kuonekana.

Lainisha kingo kwa msasa wa namba 80 ili mteremko uwe mpana. Ukikuta nyuzi zimekatika, hiyo si kazi ya jelikoti tena. Saga mteremko wa mara 12 ya kina cha jeraha, laza mati mpya za faiba, kisha urudi kwenye jelikoti.

Hatua ya nne: kausha

Sehemu za juu ya mstari wa maji hukauka upesi. Chini ya mstari wa maji ndiko kiangazi cha Buigiri kinakolipa gharama ya kusimama hapa.

Tafuta malengelenge. Mengine madogo kama punje ya mtama, mengine mapana kama sarafu. Vaa miwani kabla ya kutoboa, kwa sababu maji ya ndani hukaa kwa shinikizo na huruka. Yakinuka siki na kunata vidoleni, ujue maji yameivunjavunja resini yenyewe. Uchafu huo hauondoki kwa jua peke yake: unabaki ndani na kuendelea kuvuta unyevu. Fungua kila lengelenge hadi ufike faiba ngumu, osha kwa maji safi ya moto, acha siku chache, osha tena. Rudia hadi harufu na kunata viishe.

Kisha acha hewa ifanye kazi. Pima hivi: kata kipande cha nailoni angavu cha sentimita 30 kwa 30, kibandike juu ya ganda kwa tepu pande zote nne pasiwe na upenyo, acha usiku na mchana. Ukiona ukungu au matone upande wa ndani, boti bado inatoa maji. Andika tarehe, subiri wiki mbili, pima palepale. Huenda ikachukua wiki chache, huenda ikachukua miezi. Usiharakishe: ukifungia maji ndani ya epoksi mpya, malengelenge yatarudi.

Hatua ya tano: jaza na upake

Chini ya mstari wa maji tumia epoksi tupu, kwanza kwa brashi ili faiba inywe, halafu epoksi iliyoongezwa unga hadi isitiririke. Usitumie puti ya magari huko, hufyonza maji. Ukimaliza kujaza na kusawazisha, paka epoksi tabaka tano au sita, uache kinga ya karibu robo milimita, kisha rangi ya chini. Kumbuka pia kwamba epoksi hushika vizuri juu ya poliesta, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Ndiyo sababu juu ya mstari wa maji, unakotaka jelikoti ing'ae, unajaza kwa poliesta tangu mwanzo.

Rangi ndiyo inayosumbua wengi. Jelikoti ya zamani si nyeupe tena. Jua limeipa unjano au ukijivu. Ng'arisha kwanza eneo dogo karibu na jeraha ili uone rangi halisi. Pima jelikoti nyeupe kwa mizani, ongeza rangi kwa ncha ya kijiti, ukiandika kila nyongeza. Paka tone juu ya tepu iliyobandikwa kwenye boti, likiwa na hadina, lisubiri ligande, ndipo ulinganishe mchana kwenye kivuli. Rangi ikiwa mbichi hudanganya.

Sasa kipimo cha hadina. Fuata kwanza maelezo ya kopo. Kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito: kwa gramu 100 za jelikoti, gramu 1.5 ni kama mililita 1.3 kwenye bomba la sindano. Siku ya joto punguza, lakini usishuke chini ya asilimia 1, maana itabaki laini daima. Koroga dakika nzima ukikwangua kuta za kikombe. Changanya kidogo kidogo. Una dakika 10 hadi 20 za kufanya kazi.

Futa mfereji kwa asetoni, acha ikauke, zungushia tepu. Jaza kwa spachula ndogo ukisukumiza ndani ili hewa itoke, na uache imeinuka kidogo juu ya ganda, kwa sababu itanywea ikiganda na utahitaji cha kusugua. Jelikoti ya kawaida haikauki juu ikiguswa na hewa, hubaki inanata. Kama hukuchanganya nta, ifunike kwa karatasi ya nailoni, uibonyeze taratibu pasibaki kiputo.

Hatua ya sita: sugua na ung'arishe

Subiri usiku mmoja. Toa nailoni, anza na msasa wa 220 kwenye kibao kidogo, juu ya kiraka peke yake. Tepu iliyozunguka kingo ikulinde usile jelikoti nzuri ya jirani. Kiraka kikikaribia usawa toa tepu, nenda 400, 600, 800, 1000 na 1500, yote kwa maji na tone la sabuni. Kila namba ifute mikwaruzo ya namba iliyotangulia, na ubadilishe mwelekeo ili uione. Hapa ndipo kiganja na macho yaliyofumbwa vinahitajika zaidi: ukihisi ukingo, rudi namba moja nyuma.

Maliza kwa dawa ya kung'arisha, kisha nta ngumu. Kama ganda lote limepauka, ling'arishe lote, ili kiraka kisionekane kipya kuliko jirani zake.

Usalama wako na wa jirani

Hadina ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Ndoo ya maji safi iwe karibu kabla hujafungua chupa. Likitokea hilo, mwagia jicho maji mfululizo kwa dakika 15 angalau na uende hospitali. Hadina usiichanganye kamwe moja kwa moja na kichapuzi cha kobalti, kwani huweza kulipuka. Mabaki kwenye kikombe hupata moto yanapoganda. Yaache nje mahali wazi hadi yapoe kabisa. Asetoni na jiko la mkaa visikae ua mmoja.

Rangi ya zamani ya chini ya boti mara nyingi ina shaba na sumu nyingine. Isugue ikiwa na maji, tandika turubai chini, kusanya uchafu wote na uupeleke panapopokelewa taka za hatari. Usiumwage korongoni. Mvua za Desemba zitaubeba hadi kwenye mabwawa wanakonywa ng'ombe na mbuzi wa kijiji kilichokupa kivuli.

Kabla ya kuondoka

Ipe jelikoti na epoksi wiki moja zikomae kabla ya kugusa maji. Kagua trela: mito yake iguse ganda pale penye kuta za ndani, na uzito ubaki kwenye mkuku, la sivyo barabara ndefu hadi Mwanza itafungua ulichofunga. Hifadhi daftari lenye mchoro wa nyufa na vipimo vya rangi. Mwakani utahitaji gramu zilezile.

Baada ya safari ya kwanza yenye upepo mkali, ipandishe tena na upitishe mkono kila mahali ulipoweka alama. Kiraka kikiwa kizima, kazi imekwisha. Ufa ukirudi kwenye mstari uleule, weka msasa chini, ingia ndani ya boti na tochi, utafute kinachopinda.